Talaka Humtoa Mke, Haimtoi Mtoto: Eda, Ulezi na Nafaka Baada ya Ndoa Kuvunjika

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Somo la toleo hili ni zito kidogo. Nimelichagua kwa sababu lilibisha hodi nyumbani kwetu, nami nilipofungua mlango sikujua la kusema.

Nilikuwa mwaka wa kwanza. Usiku mmoja mama alinipigia simu akilia. Dada yangu, aliyekuwa ameolewa Jinja, alikuwa amekuja kututembelea Busia pamoja na binti yake wa miaka mitatu. Jioni ile mumewe alimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu: nimekupa talaka, usirudi. Mama akaniuliza, “Mwanangu, wewe ndiye unayesoma dini. Sasa tufanye nini?”

Nikajibu kwa ujasiri wa mtu aliyemaliza muhula mmoja. Nilisema mtoto mdogo hukaa na mama yake mpaka miaka saba, kwa hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Nikaongeza kwamba wasubiri tu, kwani Allah yuko pamoja na wenye kusubiri. Kesho yake asubuhi mjomba alikodi pikapu, wakaenda Jinja kuchukua kitanda, vyombo na nguo za dada. Kwetu sisi jambo lilikuwa limekwisha.

Jibu langu halikuwa la uongo, lakini lilikuwa nusu. Nusu niliyoiacha imemgharimu mtoto yule miaka miwili. Ndiyo maana naandika, kwa sababu najua wengi wenu, muwe mnasoma Sharia, udaktari au uhasibu, mtapigiwa simu kama ile. Mwanafunzi wa chuo kikuu ndiye mufti wa kijiji chake, atake asitake.

1. Hatua ya kwanza ni kuhesabu siku

Watu wakisikia neno talaka hukimbilia kugawana vyombo. Qur'ani inaanza kwingine. Aya ya kwanza ya Surat At-Talaq inawaamuru Waislamu watoe talaka kwa kuzingatia eda, waihesabu eda yenyewe, na wasiwatoe wanawake majumbani mwao, wala wao wasitoke, ila pakiwa na uchafu ulio wazi. Kwa hiyo kalenda inatangulia pikapu.

Urefu wa eda hutegemea hali ya mwanamke:

- Anayepata hedhi: quruu tatu (Al-Baqara 2:228). Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, quruu ni tohara. Kwa Wahanafi ni hedhi.
- Asiyepata hedhi kwa sababu ya umri: miezi mitatu (At-Talaq 65:4).
- Mjamzito: mpaka ajifungue (aya hiyo hiyo).
- Aliyeachwa kabla ya kuingiliwa: hana eda (Al-Ahzab 33:49).

Eda huanza siku talaka ilipotoka, si siku kadhi alipoandika karatasi. Nimekutana na watu wanaohesabu kutoka tarehe ya barua, na barua yenyewe imechelewa miezi minne. Hesabu ya namna hiyo huharibu mambo, kwa sababu ikiwa talaka ni ya kwanza au ya pili na mke alikwisha kuingiliwa, mume anaweza kumrejea ndani ya eda bila ndoa mpya. Eda ikiisha, hana njia ila posa, mahari na akdi upya, na mke akubali.

Na talaka ya simu je? Wanafunzi wengi huniuliza hili. Talaka kwa maneno ya wazi huhesabika, hata maneno hayo yakisafiri kwa simu, mradi imethibitika kwamba aliyesema ni yeye mume na kwamba alikuwa na akili zake. Ujumbe wa kuandika ni suala jingine. Kwa Shafi, maandishi huingia katika kinaya, yaani maneno yenye kubeba zaidi ya maana moja, kwa hiyo mume huulizwa alinuia nini. Ukiletewa ujumbe wa SMS, usitoe hukumu palepale. Mpeleke mwenye jambo kwa sheikh au kadhi, na mwambie asiufute ujumbe ule.

Vilevile kuna suala la talaka tatu kwa kauli moja. Jamhuri ya wanavyuoni wa madhehebu manne wanaihesabu tatu. Wengine, Ibn Taymiyya akiwa miongoni mwao, wameihesabu moja. Hapa mwanafunzi kazi yake ni kumfikisha mtu kwa mwenye elimu, si kumchagulia kauli inayompendeza.

Tukumbuke pia kwamba kuna adabu ya wakati. Ibn Umar alimwacha mkewe akiwa katika hedhi, na Mtume (S.A.W.) akaamuru amrejee. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mwanamume anayetoa talaka kwa hasira saa tano za usiku, bila kujua mkewe yuko katika hali gani, ameacha mafundisho tangu neno la kwanza.

2. Ndani ya eda mke anadai nini?

Katika talaka rejea, mwanamke bado yuko katika hukumu ya mke kwa mambo mengi. Anastahili makazi, chakula na mavazi mpaka eda iishe. Hata kurithiana kupo, mmoja akifa ndani ya muda ule.

Mjamzito anastahili matumizi mpaka ajifungue, hata kama talaka si rejea (At-Talaq 65:6). Kwa asiye mjamzito ambaye talaka yake haina rejea, wanavyuoni wametofautiana: Shafi wanampa makazi bila chakula, Hanafi wanampa vyote viwili, Hanbali hawampi.

Juu ya hayo kuna mahari iliyobaki. Kama katika akdi ilisemwa nusu italipwa baadaye, basi hiyo ni deni, na talaka haifuti deni. Kuna pia mut'a, kile kiliwazo ambacho Qur'ani imekitaja katika Al-Baqara 2:236 na 2:241, mume akitoa kwa kadiri ya uwezo wake.

Sasa rudini kwenye ile pikapu yetu. Tulipomhamisha dada kesho yake, tulimtoa katika nyumba aliyokuwa na haki ya kukaa, na tukafunga mlango wa suluhu ambao Allah aliuacha wazi kwa miezi kama mitatu. Hatukuita hata wale wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, waliotajwa katika An-Nisaa 4:35. Mjomba alikuwa na uchungu, na uchungu wake naufahamu. Lakini pale alipohitajika mwenye kusema “hebu tuketi kwanza”, mtu huyo nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeshakata simu.

3. Mtoto akae na nani?

Ulezi wa mtoto mdogo, yaani hadhana, ni haki ya mama kwanza. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, mwanamke alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba baba wa mtoto wake amemwacha na anataka kumnyang'anya mtoto. Akaambiwa kwamba yeye ana haki zaidi maadamu hajaolewa.

Mpaka lini? Hapa ndipo “miaka saba” inapotoka, lakini si hukumu ya madhehebu yote:

- Shafi: mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida hukadiriwa miaka saba. Baada ya hapo mtoto mwenyewe huchagua, kwa kuwa imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimhiarisha mtoto baina ya baba na mama.
- Hanafi: wa kiume hukadiriwa saba, wa kike tisa au mpaka abaleghe.
- Maliki: wa kiume mpaka abaleghe, wa kike mpaka aolewe.

Mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, haki yake ya hadhana huondoka kwa kauli ya wengi. Hapa pana kosa linalorudiwa vijijini kwetu: watu hudhani mtoto anahamia kwa baba siku ileile. Sivyo. Katika madhehebu yetu, anayefuata baada ya mama ni mama wa mama, yaani bibi.

Imam Malik ameipokea katika Muwatta habari ya Umar bin Khattab (R.A.) inayofaa tuisome polepole. Umar alikuwa amemwacha mke wake wa Kiansari, na alikuwa na mtoto naye, Asim. Siku moja akiwa Quba akamwona mwanawe anacheza uwanjani mwa msikiti. Akamshika mkono, akampandisha mbele yake juu ya mnyama wake. Bibi wa mtoto akamkimbilia, wakagombana mpaka wakafika kwa Abu Bakr (R.A.), aliyekuwa Khalifa. Kila mmoja akadai mtoto ni wake. Abu Bakr akahukumu kwamba Umar amwachie bibi mtoto yule. Umar, kwa haiba yake yote, hakurudisha neno.

Mtazameni Umar pale. Hakusema yeye ni baba, hakutaja ukoo wala jina. Alihukumiwa, akanyamaza.

Mama kuwa na hadhana hakumwondolei baba ubaba. Anabaki walii wa binti yake katika ndoa, anabaki msimamizi wa mali ya mtoto, ana haki ya kumwona, kumfundisha na kumwadilisha. Al-Baqara 2:233 inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba pia kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Kwa hiyo mama anayesema “leta pesa ndipo umwone” amekosa, na baba anayesema “nipeni mtoto ndipo nitoe pesa” amekosa vilevile. Kuonana ni haki moja, matumizi ni haki nyingine, na zote mbili mwenyewe ni mtoto.

4. Nafaka ya mtoto

Matumizi ya mtoto asiye na mali yako juu ya baba: chakula, mavazi, makazi, matibabu na malezi. Mama kuwa na mshahara hakumwondolei baba wajibu huo. Hata kunyonyesha, Qur'ani imesema kwamba walioachwa wakiwanyonyesha watoto wenu, wapewe ujira wao (At-Talaq 65:6). Aya inayofuata inaweka kipimo: mwenye wasaa atoe katika wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika kile alichopewa. Hakuna aliyepandishiwa kuliko uwezo wake, na hakuna aliyesamehewa kabisa. Dereva wa bodaboda anatoa kidogo chake, mkurugenzi anatoa kingi chake.

Hind bint Utba alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan ni mtu mwenye mkono mzito, hampi cha kumtosha yeye na watoto wake. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto kwa wema. Hakumwambia asubiri tu. Nami ndilo neno nililomwambia mama yangu.

Kuna waume wanaomwambia mke anayetaka khului: nitakuacha ukisamehe matumizi ya mtoto. Mama anaweza kusamehe haki yake mwenyewe, mahari yake au kiliwazo chake. Haki ya mtoto ni habari nyingine. Hata wale wanavyuoni waliokubali mama ajitwike nafaka ya mtoto katika khului, wamesema akishindwa baba atalazimishwa kutoa. Mtoto halali njaa kwa sababu ya karatasi waliyotia saini wakubwa wake.

5. Hukumu niliyoikosa

Muhula uliopita, katika darasa la fiqhi, tulifika mlango wa nafaka katika Minhaj at-Talibin ya Imam Nawawi. Ustadhi akaeleza tofauti baina ya nafaka ya mke na nafaka ya jamaa, na mtoto yumo katika jamaa.

Nafaka ya mke, akasema, ni kama badala. Isipolipwa hubaki deni kwa mume, hata ipite miaka kumi. Nafaka ya mtoto ni ya kuziba haja. Siku ikipita na mtoto amekwisha kula, hata kama amelishwa na bibi au na majirani, ile ya jana imeanguka. Haigeuki deni kwa baba, isipokuwa kadhi awe ameipitisha kwa hukumu, au ametoa idhini ikopwe kwa niaba ya baba ambaye hayupo au amekataa kutoa.

Niliacha kuandika. Nilianza kuhesabu miezi. Kwetu hakuna aliyekwenda kwa kadhi, LC, wala mahakamani. Kila mwezi mama yangu alikuwa akiuza samaki wakavu na kumnunulia mjukuu sabuni na madaftari, akisema siku moja baba yake atalipa yote. Kwa madhehebu anayoyafuata mwenyewe, hapakuwa na “yote” ya kulipwa. Dhambi ya baba ni yake na Mola wake, lakini dai lilikuwa linayeyuka mwezi baada ya mwezi, na sisi tukiita hali hiyo subira.

Mwanzoni hukumu ile iliniuma, nikaiona ngumu kwa mama maskini. Baada ya darasa nilimfuata ustadhi nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba hukumu inanisukuma mbele: nenda kwa kadhi mapema, wakati mtoto bado ana njaa ya leo. Haki ya mtoto haingoji mtu mzima amalize aibu zake.

Ndugu zangu, hili ndilo nililotaka mlibebe kutoka makala hii. Kusubiri ni kuzuia ulimi na mkono visivuke mpaka. Kunyamazia haki ya mtoto si sehemu yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 2:282, inafundisha kuandika deni na kushuhudisha. Kama gunia la mahindi la mkopo linaandikwa, vipi tumbo la mtoto liachwe bila hata mstari mmoja?

6. Hapa Uganda, mtu apite wapi?

Katiba ya 1995, ibara ya 129, inazitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, na kuzianzisha kumeachiwa Bunge. Makadhi tunaowaendea wako chini ya Baraza Kuu la Waislamu la Uganda. Wanasuluhisha, wanaandika talaka, wanakadiria nafaka. Anzeni kwao. Lakini jueni kwamba baba akikaidi, nguvu ya kumlazimisha iko katika mahakama ya serikali.

Sheria ya Ndoa na Talaka za Waislamu, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni mwaka 1906, inatambua ndoa na talaka zilizofanywa kwa taratibu za Kiislamu, na inataka zisajiliwe ndani ya mwezi mmoja. Kutosajili hakubatilishi talaka iliyo sahihi, lakini kunamwacha mwanamke bila ushahidi wa tarehe. Dada yangu hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na ule ujumbe wa sauti tu, na nusura aupoteze alipobadilisha simu.

Kuhusu mtoto, msingi ni Sheria ya Watoto. Inasema katika kila uamuzi kinachotangulizwa ni maslahi ya mtoto. Hakimu haangalii umri peke yake. Anaangalia pia mahitaji ya mwili, hisia na elimu ya mtoto, madhara anayoweza kuyapata, uwezo wa wazazi, na matakwa ya mtoto mwenyewe kwa kadiri ya umri na ufahamu wake. Kwa hiyo hoja ya “saba” pekee, bila maelezo ya jinsi mtoto anavyoishi, haitoshi mbele yake.

Mzazi anayeishi na mtoto anaweza kuomba amri ya matumizi dhidi ya mzazi mwenzake. Anaweza kuiomba hata akiwa mjamzito, na wakati wowote kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Matumizi hayo ni pamoja na chakula, mavazi, elimu na ustawi kwa jumla. Ngazi za kupita ni hizi:

- Kadhi wa wilaya au imamu, kwa suluhu na maandishi.
- LC ya kijiji, ambako kuna mtu aliyepewa mambo ya watoto.
- Ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya. Yeye huwaita wazazi wote wawili na kuwaandikia makubaliano.
- Mahakama ya Familia na Watoto, ikiwa mlango mwingine wote umefungwa.

Wapo wanaosema kwenda mahakamani ni kuacha Sharia. Mimi ni mwanafunzi tu, lakini nasema hivi: nafaka ya mtoto ni wajibu wa Sharia, na amri ya mahakama inayomfanya baba atimize wajibu huo haijamtoa mtu katika dini. La kujihadhari nalo ni kudai zaidi ya haki kwa kuwa karatasi imeruhusu.

7. Kwa wenzetu wa Kenya na Tanzania

Hapa Mbale tunasoma pamoja na wengi kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo maneno mawili. Kenya ina mahakama za kadhi ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 170, kwa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale pande zote mbili ni Waislamu na zimekubali mamlaka hayo. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Zanzibar wana mahakama zao za kadhi. Ukipigiwa simu kutoka nyumbani, usijibu kwa sheria ya nchi unayosomea.

8. Yaliyotokea kwetu

Mwaka huu dada alipata mchumba. Habari zilipofika Jinja, yule baba aliyekuwa kimya miaka miwili akatuma watu: mama anaolewa, mleteni mtoto wangu. Nyumba ikatetemeka. Safari hii mama aliponipigia sikumjibu usiku uleule. Nilikwenda kwa ustadhi, kisha nikapanda gari kwenda Busia.

Tulimweleza kadhi, na kadhi akatushauri twende pia kwa ofisa wa probesheni. Baba wa mtoto aliitwa, akaja. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na dhalimu. Nikamwona kijana aliyekonda, anayebadilisha kazi kila baada ya miezi mitatu, akisema, “Hakuna aliyenitajia kiasi. Mlikuja na gari mkachukua kila kitu. Nikajua mmekataa chochote kitokacho kwangu.” Sikuyapokea yote aliyosema, kwa sababu baba hangoji kutajiwa. Lakini kuhusu gari, alisema kweli.

Iliandikwa hivi: dada akiolewa, mtoto atakaa kwa bibi yake, ambaye ni yuleyule mama yangu aliyenipigia simu. Baba atatuma shilingi 100,000 kila mwezi kwa pesa za simu, ili kila malipo yaache alama, na ada ya shule ni juu yake. Atamchukua binti yake siku za likizo. Walitia saini wote wawili, na mashahidi wakatia.

Ya miaka miwili iliyopita hayakutajwa. Mama aliniangalia, akangoja niseme. Nikamwambia ukweli kama nilivyousoma. Akakaa kimya, kisha akasema, “Basi hiyo niliitoa kwa Allah.” Namuomba Allah amkubalie. Lakini angekuwa na mtoto wa kiume aliyesoma vizuri zaidi, angeitoa kwa hiari yake, si kwa kukosa kujua.

9. Ukipigiwa simu hiyo

- Uliza: alisema neno gani, lini, mara ya ngapi, na mke alikuwa katika hali gani? Andika tarehe.
- Waambie wasihamishe chochote. Mke akae katika nyumba ya eda, isipokuwa kama anapigwa au anahofia nafsi yake. Usalama wake unatangulia.
- Hifadhini ujumbe, cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
- Wapatikane wasuluhishi wawili kabla eda haijaisha.
- Talaka isajiliwe ndani ya mwezi mmoja.
- Nafaka ya mtoto iombwe sasa, itajwe kwa kiasi, iandikwe, ishuhudiwe.
- Usiseme unalolijua nusu. Kusema “ngoja nimuulize ustadhi” ni elimu pia.

Na nyinyi akina kaka mnaosoma makala hii mkijiona bado mko mbali na ndoa: siku mtakapotia mkono katika mkono wa walii, jueni kwamba ndoa ina mlango wa kutokea, lakini ubaba hauna.

Allah azihifadhi nyumba zetu, awape subira ya kweli walioachana, na awe mlezi wa watoto walio katikati yao.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Masomo ya Kiislamu